Kona ya Kijito cha Mtendeni

Katapila lilipofika Mtendeni kupanua mtaro, mama yangu aliacha kula.

Siyo kwamba aligoma. Alikuwa anakaa kwenye mkeka wake, anavuta sahani, anamega tonge, analitazama, analirudisha. Nilidhani ni meno. Nikadhani ni malaria, nikampeleka kupima, hakukutwa na kitu. Mwishowe jioni moja akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, lile dude linachimba kwenda chini kiasi gani.

"Sijui, mama. Kimo cha mtu, labda."

"Basi watamtoa," akasema. "Watamtoa mwanangu, wampakie kwenye lori pamoja na takataka."

Mimi ni pacha. Nilizaliwa wa pili. Kwetu mapacha hawachaguliwi majina, majina yapo tayari, la anayetangulia na la anayefuata. Nimeishi umri wangu wote na jina la anayefuata, na kila anayelisikia huniuliza, mwenzako yuko wapi? Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa benki, nimeulizwa na watoto wa darasani. Nikijibu kwa ukali watu husema mwalimu ana hasira. Ninazo. Mwenzangu alikufa kabla arobaini haijaisha.

Mazishi yake mama alisimuliwa tu. Alikuwa ndani, mzazi, akihangaika kuninyonyesha mimi niliyekuwa nusu mfu, na hata angekuwa mzima, kwetu wanawake hawafuati jeneza. Baba alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu mwana wa Mwislamu, akataka mtoto apelekwe makaburini kama watoto wengine. Lakini mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa ametokea kijijini Puge, na ya Puge hakuyaacha huko. Akasema pacha halazwi kwenye udongo mkavu. Ukimlaza pakavu mvua hukasirika. Alazwe ukingoni mwa maji. Walibishana mchana kutwa, mama akiwasikia kupitia ukuta. Mwisho wake walikutana katikati: mtoto akaoshwa, akavishwa sanda, akasaliwa kama inavyopasa, kisha baba akambeba mpaka kwenye kijito kilichokuwa kikipita Mtendeni, bibi akimfuata nyuma, na huko baba akachimba. Bibi aliporudi alimwambia mama maneno ambayo mama ameyashika mpaka leo: "Tumemlaza penye kona ya kijito, chini kidogo ya mawe ya kufulia, upande linakochomoza jua. Usiulize tena."

Mama hakuuliza tena. Wakati ule walikuwa wamepanga vyumba upande wa stesheni, na kijito chenyewe alikuwa hakijui.

Kijito hakipo siku hizi. Nilipokuwa bado mtoto walikuja watu wakasema mbu wamezidi, maji yakageuzwa, pakafukiwa, pakapimwa viwanja. Kilichobaki ni mtaro wa mawe unaoambaa na barabara, na kwa kuwa hakuna kingine chenye maji pale, mji mzima ukauita mtoni. Duka la mtoni. Nishushe pale mtoni. Mama naye akaamini kwamba ndio huo. Kila mwaka Shaabani ikielekea kwisha alijifunga kanga safi, akaenda kusimama kwenye kidaraja cha mtaro ule, akasoma Fatiha midomo ikicheza bila sauti, akarudi nyumbani kupika. Mimi nilijua, na wadogo zangu walijua. Hakuna aliyewahi kumwambia twende wote. Sasa katapila lilikuwa linang'oa yale mawe, linakuja, na mama alikuwa anaagiza kila anayepita amwambie limefika wapi.

Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu. Nimewachorea watoto wa Tabora mto Naili tangu kichwani hadi mdomoni, nimewachorea Rufiji na matawi yake yote, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza maji ya mji wangu mwenyewe yalikuwa yakitoka wapi na kwenda wapi. Basi nikakumbuka kwamba Mjerumani, pamoja na maovu yake, hakuwa mtu wa kuacha kitu bila kukichora. Nilihangaika na simu mpaka nikaipata, ramani ya Tabora ya enzi zake, imehifadhiwa kwenye maktaba ya huko kwao, mtu yeyote anaweza kuifungua. Nilikwenda nayo steshenari, wakanitolea vipande vipande kwa sababu karatasi kubwa hawana. Nikavitandaza sakafuni sebuleni, nikavibandika kwa selotepu. Mama aliketi kwenye kiti chake akinitazama nikitambaa.

Ni ramani nzuri, na uzuri wake uliniudhi. Boma lipo mahali pake. Soko lipo. Njia ya misafara inaingia kutoka mashariki, imechorwa kwa nukta mbilimbili, na kila inapokutana na maji pameandikwa kitu: hapa punda wanakunywa, hapa panakauka kiangazi, hapa ni kinamasi, gari lisipite. Tabora hatukuwa na ziwa wala mto wa kujivunia. Tulikuwa na vijito vyembamba na visima, na kwa hivyo tu wapagazi waliotoka Pwani walitua mizigo hapa wakapumua. Watu wa bibi yangu walikuwa wapagazi. Nilitafuta dalili yao kwenye karatasi ile nikakuta vidoti, vidoti vidogo vya vibanda, havina hata jina. Maji yamepewa rangi ya buluu na maelezo, watu wamepewa kidoti. Inauma kwenda kuomba habari za nyumbani kwenu kwa mtu aliyekuja kuwatawala. Alipima maji yetu ili ajue askari wake watakunywa wapi. Lakini alipima sawasawa, na mimi nilikuwa na shida, na mwenye shida hachagui mlango wa kubisha.

Jambo la kwanza nililoliona lilinifanya nipige kelele. Mtaro haumo. Unapopita mtaro leo, kwenye ramani hakuna tone la maji. Na ningejua bila ramani, maana mtaro ule umenyooka kama rula, na maji yaliyojitengenezea njia yenyewe hayanyooki hivyo. Kijito kilikuwa ndani zaidi, mbali na barabara, kikipinda mara huku mara kule kupitia pale ambapo sasa pamejaa nyumba.

"Mama, hayumo kwenye mtaro! Hajawahi kuwemo. Waache wachimbe."

Akaomba chai. Akanywa, akala na kipande cha muhogo, mimi nikamshukuru Mungu nikidhani mambo yamekwisha.

"Miaka yote hiyo nimekuwa nikiusomea Fatiha mtaro," akasema. Kisha akaweka kikombe chini. "Yuko wapi, basi? Mimi sina umri mwingine wa kungoja, mwanangu. Nataka nisimame alipo, mara moja tu. Nifike nimwambie nimekuja."

Ndivyo nilivyoanza kutembea. Nilichukua vitu viwili ambavyo havijahama tangu enzi za Mjerumani, boma na reli, nikapima kutoka hapo kwa uzi wa cherehani, nikaandika kwa penseli juu ya karatasi, nikaenda nayo mitaani. Masika yalikuwa yameanza, na hilo lilinisaidia, kwa sababu maji hufuata mkondo hata ukiujengea juu. Mvua ikikatika nilitoka na mwavuli kuangalia madimbwi yamejipanga vipi. Niliangalia magimbi yaliyoota nyuma ya vyoo ambako hakuna aliyeyapanda. Niliangalia kuta zilizopasuka, na zile zinazotoa chumvi chini mpaka rangi inabanduka. Nilikuwa nikikuta mstari wa nyumba nne zote zimepasuka upande mmoja, naangalia karatasi, na mstari wa buluu uko palepale. Wenye nyumba walisema fundi aliwaibia saruji.

Nisingekuwa na huzuni ningecheka sana siku zile. Kwetu mtu akionekana na ramani ya Mjerumani, maana yake ni moja tu: anatafuta rupia. Kila mtoto wa Tabora amekua akisikia kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia masanduku ya rupia na dhahabu, na kwamba ramani ipo. Sasa mimi hapa, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, napita vichochoroni na karatasi ya viraka, nasimama, nahesabu, natazama chini. Vijana wa bodaboda wakaanza kunifuata. Fundi mwashi mmoja, mtu wa makamo, alinisimamisha akanisalimu kwa adabu zote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, peke yako hutaweza. Mimi nina sururu na ninajua kunyamaza. Tugawane."

Nikamwambia natafuta maji. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa mwezi ni mkate. Akaninong'oneza kwamba vyovyote iwavyo nisiguse udongo kabla ya kuchinja kuku mweupe, wapo waliochimba hivihivi wakapofuka.

Kijito kilinipeleka nyuma ya msikiti, kikanipitisha chini ya genge la mboga, kikakata uchochoro. Nilikuwa nimeinamia karatasi. Nikainua macho nikaona jabali lililojengewa ndani ya msingi wa nyumba, nusu yake imebaki nje, watu hulikalia jioni kama baraza. Nikalipitishia kiganja. Juu lilikuwa limesuguliwa mpaka likawa laini, na kando yake kulikuwa na jingine dogo, nalo laini vilevile. Mawe hayasuguki hivyo kwa kukaliwa. Hayo ni ya kufulia, vizazi na vizazi vya nguo. Na mimi niliyajua mawe hayo. Nimeyakalia utotoni nikila ubuyu, miguu haifiki chini.

Kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya jirani yetu. Nikageukia karatasi, chini kidogo ya mawe, kijito kinakata kona. Nikatafuta mashariki. Nikanyoosha mkono mbele yangu kama nilivyowafundisha watoto, na mkono wangu ukaelekea kwenye kiwanja tulichokulia, nyumba ya baba, ile tuliyoiuza alipofariki.

Ya nyumba ile lazima niyaeleze. Baba alikuwa fundi bati, akitengeneza vibatari, ndoo na makopo pale sokoni. Viwanja vya Mtendeni vilipopimwa, wenye akili walikimbilia upande wa juu, pakavu. Baba akanunua bondeni, mahali ambapo ukikanyaga unyayo unajaa maji. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Wajinga ndio waliwao, walisema, na hata watani zake waliofika kumpongeza walikuja wamekunja suruali mpaka magotini, wakidai wamekuja kuvua kambare. Mama hakucheka. Yeye ndiye aliyeishi na mikeka iliyooza, na unga ulioota ukungu, na kifua changu kilichokohoa kila masika. Baba alimtengenezea vikopo vya bati vya kuweka chini ya miguu ya kitanda isilowe, akaviona hivyo vikopo ndiyo jibu. Mama alimsema kila mvua iliponyesha. Alimwita mjinga mbele yetu, mbele ya wageni, mbele ya mama mkwe. Baba alikuwa anatikisa kichwa, anarudi kwenye risasi yake ya kulehemu na bati lake.

Na choo. Kila nyumba choo kiko nyuma, uani, kwa heshima. Baba alikichimba mbele, karibu na barabara, wapita njia wanakuona ukiingia na kopo. Tuliona aibu ya kutosha maisha yetu yote. Mafundi walimwambia mzee, kona ile ya nyuma ndiyo mahali pake. Akasema maji yapo juu mno. Hakuna aliyeruhusiwa kuitia jembe kona ile, hata kupanda mchicha.

Alipofariki, mama alipomaliza eda, neno lake la kwanza lilikuwa tuuze. Tulimuuzia mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akamwaga kifusi lori juu ya lori, akajenga ghala.

Ramani haisemi nia ya mtu. Inawezekana baba alinunua pale kwa sababu palikuwa rahisi, nami nimejitahidi sana kuamini hivyo. Lakini alikuwa ndiye aliyechimba lile kaburi dogo, na ni yeye aliyekataa choo kwenye kona ile. Nilikaa kwenye jabali lile nikalia kwa sauti, mchana kweupe. Fundi mwashi yule alikuwa hayuko mbali. Akaja akasimama kando yangu, akavua kofia.

"Pole, mwalimu," akasema. "Wameshazichukua?"

Nilirudi nyumbani nikakaa na habari hiyo. Kila asubuhi mama aliniuliza nimefika wapi, nami nikajibu bado, bado. Nilikuwa nimebeba vitu viwili kwenye mkono mmoja, nisingeweza kumpa kimoja nikabakiza kingine. Nikimpa mtoto, nampa na mume. Nilimwogopea. Halafu jioni moja hakula tena, na nikaona sina haki ya kumfichia mtu kaburi la mwanawe. Hilo lilishafanyika mara moja.

Nikatandaza ramani miguuni pake, nikaushika mkono wake, nikaweka kidole chake kwenye mstari wa buluu. Mama hajasoma, lakini alifuata.

"Hapa ni msikitini," nikasema. "Hapa ni pale kwenye genge. Hapa kuna mawe, yale ya jirani tuliyokuwa tunaanikia nguo."

"Na hapa?"

Kidole chake kilibaki palepale kwenye kona.

"Hapa ni kwangu," akasema mama.

Tulikwenda kesho yake kwa bajaji. Mwenye ghala ni mtu wa umri wangu, alimshika mama mkono kwenye ngazi, akamwamkia, akatuagizia soda. Nilimwambia mama anataka kuona tu mahali alipokuwa akiishi. Akatupitisha katikati ya mifuko ya saruji iliyopangwa juu ya chaga za mbao, akilalamika kwa upole njia nzima. Mama, mliniuzia nini? Ile kona ya nyuma amemwaga zege, akaongeza zege, na kila masika unyevu unapanda. Ameshapoteza mifuko mingi. Sasa haweki kitu pale.

Kweli palikuwa patupu. Kwenye sakafu palikuwa na doa jeusi la maji, pana kama mkeka wa mtu mmoja. Yule bwana alimtazama mama usoni, akarudi mbele dukani bila kuambiwa.

Mama alivua viatu. Nilimsaidia kuketi chini, ikachukua muda kwa sababu ya magoti. Akaweka kiganja juu ya zege lile lenye unyevu na kukiacha hapo. Akasoma Fatiha, safari hii nikaisikia. Mbele watu wa dukani walikuwa wakihesabu misumari, mimi nikifikiri nimemuua mama yangu.

"Nimemuuza," akasema. "Mwanangu mwenyewe. Nikampa mtu pamoja na mabati."

"Hukujua, mama."

"Kwa nini hakuniambia? Nimelala naye kitanda kimoja, kwa nini hakuniambia?" Akajijibu mwenyewe, taratibu. "Bibi yako alisema mama wa pacha asioneshwe. Nikioneshwa nitalia, na nikimlilia penyewe, na wewe utamfuata. Baba yako alikuwa haamini mambo hayo. Alinambia haamini."

Sikuwa nimelijua hilo. Nimefikisha umri huu nikidhani ukimya wa baba ulikuwa upole tu, au ujinga, kama tulivyoambiwa. Kumbe huyo mtu alikubali kuitwa mjinga ndani ya nyumba yake mpaka anaingia kaburini, kwa ajili yangu mimi, kwa jambo ambalo hakuliamini lakini hakuthubutu kulijaribu. Na mimi ndiye niliyeona aibu ya choo.

Nikamwambia mama lililonijia. Kwamba jua likishuka, kabla ya magharibi, baba alikuwa anakuja kutawadha kwenye kona hii, na akimaliza hakutupa maji yaliyobaki kama watu wanavyotupa. Alikuwa anachuchumaa, anainamisha kopo, anayaacha yatoke kidogo kidogo. Nilikuwa nikimwona kutoka jikoni.

Mama alijifunika uso kwa kanga, na sauti ikatoka mle ndani.

"Nilikuwa nikimwona na mimi," akasema. "Nikimpigia kelele. We mwanaume, pameloa hivi na bado unamwaga maji? Na yeye ananicheka tu, anatikisa kopo litoe tone la mwisho."